Kufuli lilikuwepo

Saa kumi jioni, steshenari moja ya Mwenge, foleni imefika mlangoni. Kijana wa kompyuta anapokea simu ya mteja, anasoma kiungo kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu wa kidato cha sita, anakichapa kwenye Chrome. Ukurasa unafunguka. Juu kuna Nembo ya Taifa, chini yake maneno ya maombi ya mkopo wa chuo, kisha visanduku vya kujaza namba ya mtihani wa kidato cha nne na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, tarakimu zote 20.

Mama aliyemsindikiza bintiye anainama karibu na kioo.

"Mwanangu, hapo kuna kufuli?"

"Lipo mama, hili hapa." Anaonyesha ile alama ndogo ya kufuli kando ya anwani ya tovuti.

Wanajaza. Mwisho ukurasa unataka ada ya maombi, shilingi 30,000, itumwe kwenye namba ya simu. Mama anatoa simu yake, anaingiza namba na kiasi, na kabla hajaweka namba ya siri linatokea jina la mpokeaji. Ni jina la mtu, la kwanza na la ukoo.

"Bodi gani inaitwa hivi?" Anafuta muamala.

Pesa ilipona. Taarifa za binti hazikupona. Nywila unaweza kuibadili kesho asubuhi, lakini namba ya NIDA utazeeka nayo, na tarakimu zake 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa.

Wiki kadhaa sasa swali la yule mama halijaniacha. Aliuliza kile hasa ambacho sisi tunaoijua kazi hii tumekuwa tukiwafundisha watu waulize. Akajibiwa ukweli. Kufuli lilikuwepo, tena la halali kabisa.

Kufuli linathibitisha nini

Cheti cha usalama cha tovuti kinathibitisha mambo mawili. Kwanza, mawasiliano kati ya kivinjari chako na seva yamefichwa, kwa hiyo aliye katikati ya njia hawezi kuyasoma. Pili, aliyeomba cheti ndiye mwenye mamlaka juu ya jina lile lililoandikwa kwenye upau wa anwani. Basi. Bahasha iliyofungwa kwa gundi haisomwi njiani, lakini gundi haikwambii anayeipokea ni nani.

Zamani cheti kilikuwa cha kununua, na gharama hiyo peke yake iliwazuia matapeli wengi. Desemba 2015 Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti hivyo, ilifungua huduma yake kwa umma: cheti cha bure, kinapatikana ndani ya dakika chache, kinadumu siku 90 na kujihuisha chenyewe. Silaumu hatua hiyo. Imemlinda kila anayetumia Wi-Fi ya hotelini au ya stendi. Lakini tangu siku hiyo tapeli naye anapata kufuli kwa urahisi uleule, na mafundisho yetu hayakubadilika.

Google walipowauliza watu mwaka 2021 kufuli linamaanisha nini, asilimia 11 tu ya walioshiriki utafiti ndio waliojibu sawasawa. Septemba 2023, kwenye toleo la 117, Chrome iliondoa picha ya kufuli na kuweka alama ya vitelezi viwili.

Sasa angalia kompyuta ya steshenari ile. Ilikuwa na Windows 7. Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni toleo la 109, la Januari 2023. Maana yake kufuli bado linaonekana pale, na kila tundu la usalama lililozibwa baada ya toleo hilo, kwenye mashine ile liko wazi. Ukiona kufuli la zamani kwenye Chrome leo, habari inayokupa ni kwamba kivinjari hicho kimeachwa nyuma.

Anwani husomwa kutoka kulia

Anwani aliyochapa yule kijana ilianza na jina sahihi la Bodi ya Mikopo, yaani heslb, likafuatiwa na go.tz, na hapo macho yake yakaridhika. Hayakuendelea mpaka mwisho wa jina. Mwisho wa jina ndiko mwenye tovuti anakojulikana.

Nitatumia example.com kwenye mifano, kwa sababu jina hilo limetengwa rasmi kwa ajili ya mifano na hakuna tapeli anayeweza kulisajili. Chukua hii:

olas.heslb.go.tz.maombi.example.com/ingia

Ondoa kwanza https:// kama ipo. Kisha tafuta mkwaju wa kwanza, yaani alama hii /, au alama ya kuuliza, au alama ya reli #, yoyote itakayotangulia. Kila kilicho baada ya hapo ni ukurasa ndani ya tovuti, na tapeli anaweza kuandika huko chochote anachotaka. Kilichobaki kushoto ndicho jina. Lianze kulisoma mwisho wake: com, halafu example. Umemaliza. Mwenye example.com ndiye mwenye ukurasa, na yale yote ya kushoto, pamoja na hilo go.tz, ameyaandika mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa.

Kwa majina yetu ya Tanzania unahesabu hatua moja zaidi, kwa kuwa go.tz, co.tz, ac.tz na or.tz ni viambishi vya pamoja. Jina la taasisi ni neno moja lililo kushoto mara tu kabla yake. Kwenye olas.heslb.go.tz, mwenye nyumba ni heslb.go.tz, na olas ni chumba ndani yake.

Kistari si nukta. Jina linaloishia na heslb-go-tz.com liko chini ya com, na anayelipia ndiye analipata.

Kuna hila nyingine ya alama ya @. Andika https://heslb.go.tz@example.com na kivinjari kitakupeleka example.com, kwa sababu kanuni za anwani zinasema kilicho kabla ya @ ni jina la mtumiaji wala si tovuti. Kwenye ujumbe wa simu inaonekana safi kabisa. Ukiona @ kabla ya mkwaju wa kwanza, usifungue.

Simu inazidisha tatizo. Kioo ni chembamba na jina refu halienei lote. Ukishafungua ukurasa, gusa upau wa anwani, uvute maandishi mpaka uone mahali jina linapoishia, ndipo uguse kisanduku chochote.

Herufi pacha

Hapa ndipo penye utamu kwa wanaopenda undani, na ndipo penye hatari ambayo jicho haliwezi kuishinda.

Anza na iliyo rahisi. Herufi kubwa I na herufi ndogo l zinafanana kwenye fonti nyingi za simu. Andika heslb kwa kuweka I kubwa mahali pa l, na kwenye SMS hakuna atakayeona tofauti. Lakini majina ya tovuti hayajali herufi kubwa na ndogo, na kivinjari huyageuza yote kuwa madogo. Kwa hiyo ile I ikifika kwenye upau wa anwani inakuwa i yenye nukta, na unasoma hesib. Linganisha upau wa anwani na ujumbe uliotumiwa. Zikitofautiana hata herufi moja, funga.

Ndugu zao ni rn inayojifanya m, vv inayojifanya w, na sifuri inayojifanya o. Hizi kivinjari hakizibadilishi.

Kisha kuna herufi za lugha nyingine. Herufi a ya Kilatini na а ya Kikirili, ile ya Warusi, zinachorwa sawasawa, ila kwa kompyuta ni namba mbili tofauti: U+0061 na U+0430. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Israeli, Evgeniy Gabrilovich na Alex Gontmakher, walionyesha hatari hii kwa kusajili jina la microsoft.com likiwa na herufi za Kirusi ndani yake. Vivinjari vikajifunza kukataa jina linalochanganya alfabeti mbili: badala ya kulionyesha lilivyo, vinaonyesha umbo lake la ndani linaloanza na xn--, lugha iitwayo Punycode.

Ilidhaniwa mlango umefungwa. Aprili 2017 Xudong Zheng akasajili jina ambalo herufi zake zote tano ni za Kikirili, hakuna mchanganyiko wowote, na kwenye Chrome na Firefox likasomeka apple.com. Jina lake la ndani lilikuwa xn--80ak6aa92e.com. Chrome ilirekebisha kwenye toleo la 58. Firefox wakati huo iliacha mpangilio wake ulivyo, ila kwenye kompyuta mtumiaji anaweza kuubadili mwenyewe: andika about:config kwenye upau wa anwani, tafuta network.IDN_show_punycode, ibonyeze iwe true. Kuanzia hapo kila jina lenye herufi za kigeni litaonekana kwa xn-- yake.

Napendekeza mpangilio huo kwa kila kompyuta ya Firefox hapa Dar, tena bila kusita. Mrusi au Mwarabu angepoteza kitu, kwa sababu majina ya halali ya lugha yake yangegeuka fumbo. Sisi Kiswahili chetu tunakiandika kwa a mpaka z, hakina herufi yenye kofia wala nukta ya chini. Benki, shule, SACCOS na wizara zetu hazina sababu ya kuwa na xn-- kwenye jina. Ukiiona kwenye anwani inayodai kuwa ya taasisi ya Tanzania, una jibu tayari.

Aina ya mwisho ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi: herufi za Kilatini zenye alama ndogo, kama ạ au ķ. Hazichanganyi alfabeti, kwa hiyo kanuni ya kwanza haizigusi. Na viungo kwenye ujumbe huwa vimepigiwa mstari chini, mstari unaopita juu ya nukta ile na kuimeza. Oktoba 2023 matapeli walilipia tangazo la Google la programu ya KeePass. Tangazo lilionyesha anwani sahihi, lakini aliyebonyeza aliishia kwenye ķeepass.info, ambayo kwa ndani ni xn--eepass-vbb.info. Waliokuwa wakitafuta programu ya kutunza nywila ni watu waangalifu kuliko wengi wetu, na wao ndio waliotegewa.

Jicho limechoka

Nilipofika hapa ndipo shaka iliponijia. Haya yote ni kweli, na nimeyaeleza kwa watu wengi. Lakini kijana wa steshenari anafungua kurasa kwa mfululizo kutwa nzima huku watu watatu wakimnyooshea flashi na karatasi za kutoa kopi. Kumwambia asome kila herufi kutoka kulia ni kumpa kazi ambayo hataifanya, na akitapeliwa tutasema ni uzembe wake.

Sidhani ni uzembe.

Kivinjari nacho kinasaidia kwa mipaka. Chrome hulinganisha jina unalofungua na tovuti maarufu duniani pamoja na zile unazozitembelea mara kwa mara, na likifanana sana hukuuliza kama ulimaanisha nyingine. Kompyuta inayofutwa historia kila jioni haina tovuti za mara kwa mara, na SACCOS ya Temeke usitegemee kuikuta kwenye orodha ya maarufu duniani. Kuna pia orodha ya tovuti hatari ya Google. Walipoubadili mfumo huo Machi 2024 walieleza kwamba tovuti mbaya ya kawaida huishi chini ya dakika 10, wakati orodha iliyokuwa kwenye vivinjari ilikuwa ikihuishwa kila baada ya dakika 30 hadi 60. Ndiyo maana sasa ukaguzi unafanyika papo hapo, na ndiyo maana toleo la zamani la Chrome ni hasara mara mbili.

Kilichomwokoa yule mama hakikuwa jicho lake juu ya anwani. Mfumo wa pesa wa simu ulimletea jina la mpokeaji kwa njia nyingine, njia ambayo tapeli hakuweza kuipaka rangi. Nikaona tumekuwa tukikazania mahali pasipo. Tunamfundisha mtu kupambana na picha iliyotengenezwa mahususi kumshinda, wakati tungeweza kumwonyesha njia ya kufika asipokutana na picha hiyo kabisa.

Mashine ilinganishe

Kidhibiti cha nywila kilichomo ndani ya Chrome, Firefox au simu yako kinatunza nywila pamoja na jina la tovuti. Ukifika kwenye jina lililotofautiana hata nukta moja ya chini, hakijazi. Hakichoki wala hakidanganywi na nembo. Kosa linalotokea ni hili: mtu anaona visanduku vitupu, anadhani programu imegoma, anaenda kuinakili nywila na kuibandika kwa mkono. Kikinyamaza, simama. Huenda taasisi imehamishia ukurasa wake jina jingine, hutokea, ila uthibitishe kwa kuingia upya kupitia alamisho lako (bookmark), kamwe usipitie kiungo kilekile.

Msimbo wa SMS unaotumiwa unapoingia hautoshi. Ukurasa wa uongo unaupokea kwako na kuuingiza kwenye ukurasa wa kweli ndani ya sekunde, kabla muda wake haujaisha. Ufunguo wa siri (passkey), ule unaofunguliwa kwa alama ya kidole au sura, ndio wenye nguvu, kwa kuwa kifaa chako hutia saini kwa jina la tovuti husika tu. Tovuti pacha haipati kitu cha kuiba. Kwenye akaunti ya Google unawashwa kwa dakika moja. Anza na hiyo, maana barua pepe ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote.

Kaunta ya steshenari

Kwenye kompyuta ya umma nywila hazihifadhiwi, kwa hiyo silaha kuu ni alamisho. Siku moja yenye utulivu, mwenye duka akae achape kwa mkono anwani za mifumo inayoulizwa kila siku: mikopo, ajira, matokeo ya NECTA, NIDA, TRA ya kodi, BRELA ya usajili wa biashara. Azisome zote kutoka kulia, zote ziishie na go.tz, kisha kila moja aihifadhi kwa Ctrl+D. Ctrl+Shift+B inaziweka wazi juu ya kioo. Kuanzia hapo sheria ya duka ni moja: mteja akileta kiungo, hatukichapi, tunabonyeza alamisho.

Kisanduku cha kutafutia nacho kiepukwe kwa kazi hizi. Tangazo la kulipiwa hukaa juu ya jibu la kweli, kama ilivyokuwa kwa KeePass.

Wengi hutumia hali ya mgeni (Guest) ya Chrome ili taarifa za mteja zisibaki. Tatizo ni kwamba hali ya mgeni haionyeshi alamisho, na kijana anarudi kutafuta Google. Tumia hali fiche, Ctrl+Shift+N, ambayo inabaki na alamisho na kusahau historia na akaunti zilizofunguliwa. Lakini madirisha yote ya hali fiche yaliyo wazi kwa wakati mmoja yanashirikiana kumbukumbu. Ukibakiza moja kwa ajili ya mteja aliyekwenda kuchukua cheti nyumbani, anayefuata anaweza kujikuta ndani ya akaunti yake. Yafunge yote kabla ya kusema "anayefuata".

Mara moja kwa wiki fungua chrome://extensions na uondoe usichokijua. Kiongezi, yaani programu ndogo iliyoongezwa kwenye kivinjari, kikiruhusiwa kusoma kurasa zote kinaona kila kinachochapwa, hata anwani ikiwa sahihi. Na mashine ya Windows 7, kama haikubali Windows mpya zaidi, ni bora iwekewe Linux kuliko kuendelea kupokea namba za NIDA za watu.

Wanaotuma viungo

Lipo jambo moja la kusema kwa taasisi. Nimeona SMS za taasisi halali zikiwa na viungo vilivyofupishwa, herufi sita zisizo na maana yoyote, halafu wiki hiyohiyo taasisi hizohizo zinaonya wateja wasibonyeze viungo wasivyovijua. Mteja atatofautishaje? Tumeni jina lenu kamili, au tumeni maelekezo ya menyu tu. Na wahusika wa TEHAMA wafuatilie daftari za wazi za vyeti: tangu mwisho wa Aprili 2018 Chrome hukataa cheti kipya kisichoandikwa humo, na kwenye tovuti ya crt.sh yeyote anaweza kutafuta jina lake na kuona ni majina gani mengine yanayolibeba yameombewa cheti. Tovuti pacha inaweza kuonekana pale kabla SMS ya kwanza haijatumwa.

Ukishajaza

Kama ni nywila, ibadili sasa hivi ukiwa kwenye kifaa kingine, na popote ulipoitumia hiyohiyo. Kama ni pesa, piga 100 kwa mtandao wako mara moja, kwa sababu kuzuia kunawezekana kabla mpokeaji hajatoa. Ujumbe ulioletwa upeleke 15040, ile namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na ufuate maelekezo ya kutaja namba ya tapeli. Kituo cha polisi nacho kinapokea taarifa, tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015. Beba picha ya kioo inayoonyesha anwani nzima.

Kama ni namba ya NIDA, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na urudie baada ya wiki chache. Na kwa mwombaji wa mkopo, ingia siku hiyohiyo kwenye mfumo halisi ufungue akaunti yako, mwenye namba zako asije akakutangulia.